Dian Fossey, Kima wake, na tumbili wetu wa Korogwe

Wadau, leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo. Kuna mama mmoja nimekuwa nikimsoma kwa wiki kadhaa sasa, na kila nikimsoma namkumbuka mnyama aliyekuwa amefungwa chini ya mwembe wa nyumbani kwetu. Mama mwenyewe wengi mnamjua kwa jina, au kwa ile sinema ya mwaka 1988 iliyochezwa na Sigourney Weaver. Ni Dian Fossey, yule Mmarekani aliyeishi na gorila wa milimani kule Rwanda mpaka akauawa.

Nianze na mwembe. Nilikuwa na miaka kumi hivi, tunaishi Korogwe. Mjomba alirudi safari na mtoto wa tumbili ndani ya kikapu. Alimnunua barabarani kwa kijana mmoja, na alimnunua kwa huruma tu, maana alikuwa mdogo, anatetemeka, macho yamemtoka. Tukampa maziwa kwa chupa ya mtoto. Akawa analala shingoni kwangu. Mtaa mzima walikuja kumwona. Miaka minne baadaye alikuwa na chonge kama misumari, kamba kiunoni, anauzunguka ule mwembe kutwa nzima mpaka nyasi zikaisha, pakabaki duara la udongo mtupu. Nitarudi kwake.

Fossey alizaliwa San Francisco, California, tarehe 16 Januari 1932. Wazazi wake waliachana akiwa mdogo, mama akaolewa na mkandarasi wa majengo. Hela ilikuwepo, ila nyumba ilikuwa ya baridi. Mtoto alikuwa anakula jikoni na mtumishi, meza ya wakubwa haikumhusu mpaka alipofikisha miaka 10. Mnyama pekee aliyeruhusiwa kufuga alikuwa samaki mmoja wa rangi ya dhahabu kwenye bakuli la kioo. Samaki alipokufa binti alilia wiki nzima. Mwanafunzi mwenzake akataka kumpa kijipanya cha kufuga, nyumbani wakakataa. Sisemi kwamba yote yaliyofuata yalitokana na samaki, lakini kitu hicho nimeshindwa kukisahau.

Chuo alianza na masomo ya kuelekea udaktari wa mifugo, kemia na fizikia zikamtoa nje (mliopitia PCB mnanielewa). Akabadilisha, akasomea tiba ya kuwasaidia wagonjwa na walemavu warudie shughuli zao za kila siku, akamaliza mwaka 1954, akaenda kufanya kazi kwenye hospitali ya watoto wenye ulemavu huko Louisville, Kentucky. Wanaomwona kama mzungu kichaa wa msituni wasahau kidogo na wafikirie hilo: miaka kadhaa kazi yake ilikuwa kukaa kimya mbele ya mtoto asiyeamini watu, kusubiri mpaka mtoto mwenyewe asogee. Ndicho alichokuja kufanya na gorila.

Mwaka 1963 alikopa dola 8,000, kama mshahara wake wa mwaka mzima, akaja Afrika kutembea. Kenya, Tanganyika, Kongo. Pale Olduvai alikutana na Louis Leakey, yule mtafiti wa mabaki ya kale, na mkutano wenyewe ulikuwa vituko: aliteleza kwenye mahali pa uchimbaji, akavunjika kifundo cha mguu na kutapika kwa maumivu. Mtu mwingine angerudi kwao. Yeye wiki mbili baadaye alikuwa anapanda milima ya Virunga upande wa Kongo, mguu umefungwa, akawaona gorila kwa mara ya kwanza pale Kabara. Miaka mitatu ikapita, Leakey akapita Louisville kutoa mhadhara, wakaonana tena. Leakey alikuwa ameshampeleka Jane Goodall kwa sokwe wa Gombe mwaka 1960 na sasa alitaka mtu wa kwenda kwa gorila. Akamwambia akatolewe kidole tumbo kwanza kabla ya kwenda msituni. Fossey akatolewa kweli. Baadaye Leakey akamjulisha kwamba haikuwa lazima, alikuwa anampima tu kama ana nia. Utani gani huo!

Januari 1967 alianza kazi Kabara. Huko alijifunza Kiswahili cha kuombea maji na kufuata nyayo, mwalimu wake wa nyayo akiwa mzee Sanwekwe, Mkongo aliyeujua ule mlima kuliko kitabu chochote. Haikudumu. Julai mwaka huohuo, Kongo ikiwa kwenye machafuko, askari walimteremsha mlimani wakamshikilia, akafanikiwa kutoroka hadi Uganda. Mtu wa kawaida hapo ndipo anapoandika kitabu cha mkasa wake na kustaafu. Tarehe 24 Septemba 1967 alikuwa ameshafungua kambi mpya upande wa Rwanda, mita kama 3,000 juu, katikati ya mlima Karisimbi na mlima Visoke. Akaunganisha majina mawili: Karisoke.

Sasa tufike kwenye kile kilichonifanya niandike.

Mwanzoni mwa mwaka 1969 aliletewa mtoto wa gorila aliyekuwa mahututi. Mtoto huyo alikuwa amekamatwa kwa ajili ya bustani ya wanyama ya jiji la Cologne, Ujerumani, kwa makubaliano na watu waliotakiwa kuilinda hifadhi yenyewe. Fossey alimwita Coco. Siku chache baadaye akaja wa pili, Pucker. Akageuza chumba kimoja cha kibanda chake kuwa msitu, akajaza majani na matawi, akawanywesha maziwa na dawa, akalala nao. Coco alipopanda dirishani na kuuona mlima alikotoka, alilia. Fossey aliandika kwamba aliona machozi halisi, na kwamba hakuwahi kuona jambo hilo kwa gorila mwingine yeyote.

Sasa sikilizeni hesabu. Gorila hawatoi mtoto wao. Dume mkubwa na majike wanasimama mpaka mwisho. Kwa maelezo aliyoyapata Fossey, kumpata Coco waliuawa gorila 10. Kumpata Pucker wakauawa 8. Watu wazima kumi na nane, wadau, kwa watoto wawili wa kuangaliwa kwenye kizimba.

Walipopona aliomba sana warudishwe msituni. Akaambiwa wakirudishwa hao, watakamatwa wengine. Baada ya miezi kama miwili wakapakiwa kwenye ndege. Picha yake akitembea nao ilitoka kwenye jalada la National Geographic la Januari 1970 na ikamfanya maarufu dunia nzima. Picha nzuri kabisa, inauzika mpaka leo. Mwaka 1978 Coco na Pucker walikufa kulekule Cologne, wakipishana muda mfupi tu, baada ya kukaa huko miaka tisa hivi. Gorila anaweza kufika miaka 35 na zaidi.

Na bado, mama huyuhuyu alikuwa na nyani wake wa ndani. Au tuseme kima, maana ndivyo alivyomwita: Kima. Ni kama umpe paka wako jina la Paka, lakini kwa Kiswahili chake kilimtosha, na kwa bahati alipatia, kwa sababu alikuwa kima hasa, wale wenye manyoya ya kijivu wa misituni. Alimpata akiwa mdogo kutoka kwa mtu aliyekuwa akimtembeza kumuuza, akamwonea huruma. Ni ule mkasa wa mjomba wangu, tofauti ni Rwanda na Korogwe.

Kima alikaa naye Karisoke miaka mingi, akampenda kama mtoto. Lakini waliofika pale kambini wanamkumbuka kwa mengine. Alitafuna makaratasi ya utafiti, alitafuna vifaa, aliwauma wageni na wanafunzi. Fossey alimjengea mahali pa kutokea na kuingilia, akamvumilia kwa kila kitu. Nyumba ikawa ya Kima, na watu ndio wakawa wageni. Kila mama aliposafiri, na alisafiri mara nyingi kwenda Cambridge kusomea udaktari wake wa falsafa, Kima alibaki na watu aliowachukia.

Unaweza kusema Kima alikuwa mkorofi. Hapana. Majike wa kima hawahami. Wanazaliwa kwenye kundi la mama, bibi, dada na shangazi, na humo ndimo wanamokufa. Mchana mzima wanatafuta chakula pamoja, wanachambuana manyoya, wanagombana na kupatana. Kima jike akiwa peke yake kwenye kibanda hana hata mmoja wa kumchambua. Binadamu mmoja, hata awe Dian Fossey anayewajua jamaa hawa kuliko karibu kila mtu duniani, hawezi kuwa shangazi kumi. Kuuma kwenyewe ni lugha. Kwenye kundi, anayevuka mpaka anauonyeshwa kwa meno, na ngozi ya mwenzake ni ngumu na ina manyoya. Ya kwetu inachanika kama karatasi.

Tena wanakua. Huyo mtoto mnayemfunga nepi na kumpiga picha ni mtoto kwa miaka mitatu au minne tu, kisha homoni zinaingia na anaanza kupima nani mkubwa ndani ya nyumba. Kwa kawaida anaanza na mtoto wenu. Baada ya hapo anaweza kuishi zaidi ya miaka 20, na hiyo 20 yote inaishia kwenye mnyororo. Bado hatujazungumzia magonjwa: kichaa cha mbwa, kifua kikuu, minyoo. Yanakuja kwetu, na ya kwetu yanakwenda kwao. Mafua yako ya siku tatu yanaweza kumuua gorila, ndiyo maana watalii kule Virunga wanatakiwa kukaa mbali nao.

Na msidhani ni mambo ya wazungu na gorila tu. Machi 2016 pale uwanja wa KIA walikamatwa tumbili 61 kwenye makreti, safari ya Albania. Tumbili wetu hawahawa tunaowafukuza mashambani. Mwaka huohuo serikali ikasitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi.

Turudi Karisoke. Kuna gorila mmoja Fossey alimjua tangu akiwa mdogo, akampa jina la Digit kwa sababu ya kidole chake kilichokuwa na kilema. Hakumfuga, hakumfunga, hakumlisha. Alimfuata tu msituni miaka kumi na Digit akakubali. Idara ya utalii ya Rwanda iliweka picha yake kwenye mabango. Tarehe 31 Desemba 1977 majangili wenye mbwa na mikuki waliingia kwenye eneo la kundi lake. Digit alibaki nyuma kuwazuia, akamuua mbwa mmoja, wenzake wakakimbia wakapona. Mwili wake ulikutwa hauna kichwa wala viganja. Vitu hivyo vilikuwa na wateja, wadau, watu wazima waliotaka viganja vya gorila kama mapambo.

Miezi saba baadaye, Julai 1978, kiongozi wa kundi hilohilo, Uncle Bert, alipigwa risasi. Jike wake aliyeitwa Macho naye akauawa. Mtoto wao Kweli, miaka mitatu, alijeruhiwa na risasi, akakonda taratibu akafa baada ya miezi kama mitatu. Macho, Kweli: majina ya Kiswahili kwenye makaburi ya mlimani Rwanda. Kundi lililopoteza dume wake linavurugika, na watoto wachanga wengine waliuawa na madume waliobaki.

Hapo Fossey alifanya jambo ambalo naona ndilo kubwa kuliko yote. Aliyachukua majonzi ya watu waliosikia habari za Digit akayageuza kuwa mfuko wa fedha, Digit Fund, mwaka 1978. Msomaji wa mbali aliyetaka gorila wake aliambiwa, kwa vitendo, kwamba gorila wake yuko mlimani na atabaki mlimani. Yeye alete hela ya viatu, makoti ya mvua, chakula na mishahara ya wanaozunguka kukata mitego. Na kazi ilionekana. Mwaka 1979, ndani ya miezi minne, kikosi chake cha watu wanne tu kiliharibu mitego 987.

Simtetei kwa yote. Alikamata majangili na kuwapiga. Aliwatisha wanakijiji kwa vinyago na uchawi wa uongo. Mbwa wake, Cindy, alipochukuliwa, alikamata ng'ombe wa wachungaji mpaka mbwa akarudi. Ng'ombe ndiyo benki ya mtu, jamani, na wale watu walikuwa na njaa na mlima ulikuwa umewazunguka tangu zamani. Aligombana na wanafunzi wake, na maofisa, na mashirika mengine. Utalii hakuutaka kabisa, na hapo historia imemkatalia: kibali cha kuwaona gorila Rwanda kilipandishwa mwaka 2017 hadi dola 1,500 kwa mtu, na sehemu ya mapato hurudi kwenye vijiji vya pembeni ya hifadhi. Angekuwa hai angebishana na mimi hapo mpaka asubuhi.

Kuna jambo moja zaidi la kumpa sifa. Siku ya mwaka mpya wa 1980 aliletewa mtoto mwingine wa gorila aliyeokolewa kwa majangili. Safari hii hakukubali bustani ya wanyama. Akamwita Bonne Année, akamtibu, akamrudisha msituni. Kundi la kwanza lilimshambulia vibaya, wakalazimika kumtoa. Kundi la pili, lile la marehemu Digit, likampokea. Aliishi humo kama mwaka mmoja, kisha nimonia ikamchukua. Mwaka mmoja si mingi. Ila nauweka kwenye mzani na miaka tisa ya Cologne, na ninajua ningechagua upi.

Kitabu chake kilitoka mwaka 1983, aliandika akiwa anafundisha Cornell, Marekani. Akarudi mlimani, mapafu yamechoka kwa sigara na baridi. Usiku wa tarehe 26 Desemba 1985 aliuawa kwa panga kibandani kwake. Mahakama ya Rwanda ilimtia hatiani mtafiti Mmarekani ambaye alikuwa ameshaondoka nchini na ambaye amekana siku zote, na mfuatiliaji nyayo mmoja Mnyarwanda alifia gerezani. Wengi hawajaridhika na hukumu hiyo hadi leo. Alizikwa Karisoke, jirani na Digit, kwenye makaburi aliyowachimbia gorila. Kaburini kuna jina la Kinyarwanda alilopewa, Nyiramachabelli, ambalo mara nyingi hufasiriwa kuwa mwanamke anayeishi peke yake mlimani.

Ule mfuko ulibadilishwa jina mwaka 1992 ukachukua lake. Kambi yenyewe iliharibiwa kwenye vita vya miaka ya 1990, kazi ikaendelea. Mwaka 1981 Virunga nzima ilikuwa na gorila takriban 250. Sensa ya 2015 na 2016 ilihesabu 604 kwenye milima hiyohiyo. Kwa upande wa Kongo, pale Rumangabo, kuna kituo cha Senkwekwe kinacholea yatima wa gorila tangu 2010. Lwiro, karibu na Bukavu, wanalea sokwe na nyani waliokamatwa majumbani na sokoni. Uganda kuna kisiwa cha Ngamba tangu 1998. Kenya kuna Sweetwaters pale Ol Pejeta, iliyoanza 1993 kwa sokwe waliotolewa Bujumbura vita vilipoanza Burundi. Vituo vya namna hii huendeshwa kwa kiasi kikubwa na watu wa mbali wanaomfadhili mnyama mmoja kwa mwaka. Unalipa, unapata picha na jina lake, basi. Wengi wa hao wanyama walikuwa wa mjomba wa mtu, wamekatwa kamba kiunoni.

Wetu hakufika kituo chochote. Alimng'ata mtoto wa jirani mkononi, kidonda kikashonwa nyuzi saba, na jioni ile mjomba alimtoa chini ya mwembe akaenda naye. Hakusema wapi na sikuuliza. Lakini kuna jambo nililiona mapema zaidi, na nimechelewa miaka mingi kulielewa. Wiki moja baada ya mjomba kumnunua, yule kijana wa barabarani alitufuata mpaka nyumbani. Alikuwa na kikapu kilekile. Ndani kulikuwa na wawili.

Kwa hiyo ukikutana na kikapu hicho, usitoe hela. Wapigie wanaohusika, TAWA kwa Tanzania, KWS kwa Kenya, UWA kwa Uganda.

Mimi mwaka huu nimemfadhili sokwe mmoja kwenye kituo kimojawapo. Hela si nyingi, kama vocha za miezi kadhaa. Picha ilipokuja mwanangu akaishika muda mrefu, akauliza anakuja lini. Nikamwambia haji. Akauliza sasa tumelipa ya nini. Nikamweleza maziwa, dawa, mshahara wa mama anayemlisha. Akafikiri, akauliza kama huko ana wenzake. Nikamwambia wapo wengi. Akaibandika ukutani, akaenda kucheza.